Baada ya kiharusi, fedha ya mazoezi iende wapi?

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, familia hupewa karatasi ya dawa, tarehe ya kliniki na kikaratasi kingine kilichoandikwa "fiziotherapia". Hizo mbili za kwanza hazina ubishi. Hicho cha tatu ndicho kinacholeta vikao. Shangazi anamjua mchuaji hodari kule Mbagala. Kijana aliyeko Dubai ametuma video ya mashine ya umeme inayochezesha vidole. Jirani anasifia kliniki ya binafsi yenye kiyoyozi. Na binti atakayemwinua mgonjwa kila asubuhi na kumpandisha kwenye bajaji bado hajaulizwa lolote.

Familia za namna hiyo si chache. Utafiti uliowafuatilia wakazi wa wilaya ya Hai na wa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, matokeo yake yakachapishwa 2010, ulikuta kwamba Dar es Salaam watu wapatao 316 katika kila 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Hai walikuwa kama 109. Idadi hiyo ya Dar inazizidi nchi nyingi tajiri, zenye wodi maalumu za kiharusi na bima inayolipa hadi mgonjwa atembee. Huku kwetu sehemu kubwa ya gharama ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake hutoka mfukoni mwa ndugu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Unapolipia mazoezi, hulipii kitanda, wala mashine, wala joto la taulo. Unamlipa mtu anayejua kumpima mgonjwa, kumchagulia zoezi linalomfaa wiki hii, na kuwafundisha wa nyumbani kulirudia bila kumuumiza. Kurudia kwenyewe hakuna bei, na ndiko kunakoufundisha ubongo kuuendesha tena mguu na mkono. Kwa hiyo mtu akikutajia bei ya kipindi, muulize: katika hizo dakika, mgonjwa atasimama mara ngapi? Atashika kikombe mara ngapi?

Dakika zenyewe zinahitajika nyingi. Mwongozo wa Uingereza uliokuwa ukitaka angalau dakika 45 za kila tiba kwa siku ulibadilishwa 2023, na sasa unataka mgonjwa apewe angalau saa 3 za tiba kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kabla ya hapo, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 wa Cochrane, mtandao unaopitia na kujumlisha tafiti za tiba, ulikuwa umeonyesha mambo mawili. Kwanza, hakuna shule moja ya mazoezi iliyoizidi nyingine, kwa hiyo anayekuuzia "mbinu" yenye jina la kigeni kwa bei maradufu hana cha kusimamia. Pili, dalili za nafuu zilionekana kwa walioshughulishwa dakika 30 hadi 60 kwa siku, siku 5 hadi 7 kwa wiki. Kipindi kimoja cha Jumanne na kingine cha Ijumaa, basi, havitoshi hata kama mtaalamu ni bingwa. Siku zilizobaki ni lazima zijazwe nyumbani.

Sasa tushike kalamu. Namba hizi ni za kuhesabia tu, weka za kwako. Tuseme kliniki inatoza shilingi 25,000 kwa kipindi. Bajaji kwenda na kurudi, pamoja na kusubiriwa, 20,000. Binti anayemsindikiza anafunga genge lake siku hiyo na kupoteza 15,000. Kipindi kilichoandikwa 25,000 kwenye bango kimekula 60,000. Mtaalamu anayekuja nyumbani kwa 45,000, ambaye kila mtu kwenye kikao alimwita ghali, ni nafuu kwa 15,000. Vipindi 12 vya kliniki, vitatu kwa wiki, vinamaliza 720,000 ndani ya mwezi. Ziara 12 za nyumbani, moja kwa wiki, ni 540,000, nazo zinawafikisha karibu miezi mitatu. Sharti lake ni kwamba siku sita zilizobaki kila wiki watu wa nyumbani wafanye kazi waliyoachiwa, na waifanye kweli.

Hesabu hiyo inageuka kwa mtu anayekaa hatua chache kutoka kituoni, au kwa mgonjwa ambaye bado hawezi kusimama bila watu wawili. Kliniki ina vyuma sambamba vya kushikilia, ngazi za mazoezi, na mikono ya ziada ya kumdaka akiteleza. Ina pia wagonjwa wenzake, jambo ambalo haliandikwi kwenye risiti: mzee anayegoma nyumbani huona aibu kugoma mbele ya mwenzake aliyepooza upande uleule na sasa anatembea. Nyumbani kuna kitu ambacho kliniki haina, yaani choo chenyewe, kizingiti chenyewe na kitanda chenyewe. Wapo wanaotembea vizuri kabisa kwenye sakafu ya vigae ya kliniki, wakifika kwenye mchanga wa uani wanasimama kama nguzo.

Hospitali ya umma isidharauliwe kwa sababu ya foleni. Huko ndiko kwenye wataalamu walioona wagonjwa wengi zaidi, na bei kwa kawaida iko chini. Udhaifu wake ni muda: mtaalamu mmoja, wagonjwa chumba kizima. Ukienda, usimwache mgonjwa mlangoni na kukaa nje na simu. Ingia. Omba kufundishwa, na zoezi la wiki hii liandikwe kwenye daftari au lirekodiwe kwa simu, mgonjwa mwenyewe akilifanya. Dakika 15 za kufundishwa vizuri zina faida kuliko saa nzima ya kulazwa chini ya kitambaa cha moto. Kliniki moja ya binafsi niliyowahi kumsindikiza ndugu yangu, jina niliache, ilitutoza kipindi kamili ambacho karibu nusu yake mgonjwa alikuwa amelala chali na waya mkononi huku mhusika akihudumia wengine. Risiti ilikuwa nzuri sana.

Kuhusu mashine, watafiti wameshatusaidia. Marekani waliwachukua watu 408 waliopata kiharusi na kulinganisha mashine ya kutembezea, ile yenye mikanda inayombeba mtu sehemu ya uzito wake juu ya mkanda unaozunguka, na mazoezi ya kawaida ya nguvu na mizani yaliyosimamiwa na mtaalamu nyumbani kwa mgonjwa. Matokeo yalitoka 2011. Baada ya mwaka, makundi yote yalikuwa yameendelea karibu sawasawa, mashine haikushinda. Uingereza wakajaribu roboti za mkono kwa watu 770, na ripoti yao ya 2019 ikasema mkono wa aliyetumia roboti haukupata uwezo zaidi kuliko wa aliyepewa huduma ya kawaida. Hao ni watu wenye fedha ya kununua mashine, nao ndio waliokuta hivyo. Anayetaka kuuza shamba ili amnunulie baba mashine ya kuchezesha vidole asome tena aya hii.

Kuna kifaa kimoja cha bei ndogo ambacho ushahidi wake ni mzuri: kioo. Kioo cha kawaida husimamishwa katikati ya mikono miwili, mkono dhaifu ukiwa nyuma yake, na mgonjwa hutazama taswira ya mkono mzima ukifungua na kufunga mahali ambapo ubongo unatarajia kuuona ule dhaifu. Uchambuzi wa Cochrane wa 2018 uliokusanya majaribio 62 ulikuta kwamba mazoezi hayo, yakiongezwa juu ya tiba ya kawaida, husaidia mwendo wa kiungo. Hayamrudishii mtu mkono wote. Ila kwa bei ya kioo cha dukani, sijaona mashindano. Ule mpira wa kubana, ambao kila mgeni huja nao, mimi nisingeununua kabla ya kuuliza: wengi wenye vidole vilivyokaza shida yao si kufumba ngumi bali kuifungua.

Na mchuaji? Kuchuliwa kwa mkono mpole kunatuliza, na mgonjwa aliyelala wiki tatu ana haki ya kutulizwa. Akitaka, apate, kama anavyopata chai. Lakini kuchuliwa ni kazi ya mchuaji. Mgonjwa hajafanya lolote, na ubongo wake haujajifunza lolote. Hatari ziko mbili. Bega la upande uliopooza halishikiliwi tena na misuli, hivyo kuvuta mkono huo, iwe kwa kuchua au kwa kumwinua kitandani, kunaweza kulilegeza bega na kumletea maumivu ya miezi. Tena ngozi ya upande huo huenda haihisi moto, na mafuta au maji yanayoonekana vuguvugu kwa wengine yakamuunguza asiseme kitu. Ada ya mchuaji itoke kwenye fungu la starehe. Isitoke kwenye fungu la tiba.

Mpaka hapa nimezungumzia kutembea, kwa sababu ndilo familia huliulizia. Huduma ninayoiona ya thamani kuliko bei yake ni ile wengi hawajui kuiomba, tiba kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia anashughulika na mguu, mizani na nguvu. Wa tiba kazi anauliza: asubuhi unaamka saa ngapi, na nani anakuvisha? Chuo cha tiba kazi kipo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mahali palepale penye chuo cha fiziotherapia na TATCOT, kituo cha mafunzo ya viungo bandia na vifaa tegemezi kilichoanzishwa 1981. Hata hivyo wataalamu hawa ni wachache, na karatasi ya rufaa mara nyingi haiwataji. Itabidi umwambie daktari aandike.

Nimemwona mmoja wao akimfundisha mzee kuvaa shati. Mkono uliopooza uliwekwa mapajani, shati likatandazwa juu yake, mgongo wa shati ukitazama juu. Mkono dhaifu ukaingia kwanza, ukavutwa hadi kwapani, ndipo shati likazungushwa nyuma na mkono mzima ukafuata. Kuvua ni kinyume, mzima hutoka kwanza. Vifungo vilikuwa vimeshonewa juu ya shati kwa mapambo tu. Chini yake kulikuwa na gundi ya nguo ile ya kuraruka, ya viatu vya watoto. Mzee alichukua muda mrefu, akakasirika katikati, akamaliza. Kesho yake mkewe alipata nafasi ya kuchemsha chai wakati mumewe anavaa. Ukitaka kujua kipindi kile kilizalisha nini, hesabu asubuhi za yule mama kwa mwaka mzima.

Choo ni hivyohivyo. Kwenye choo cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kufungwa imara kisiteleze, pamoja na bomba la chuma la kushikia ukutani, hugharimu kazi ya fundi ya nusu siku. Kitanda cha chini huinuliwa kwa vipande vya mbao vyenye tundu la mguu, ili magoti yasipite juu ya nyonga anapotaka kusimama. Kanga au mkanda mpana kiunoni humpa anayemsaidia pa kushika badala ya kumvuta mkono. Na kuna suala ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kinacholijali: aliyepooza mkono wa kulia atakulaje kwenye sinia moja na watu, atasalimianaje? Mtaalamu wa hapa analijua, na huzungumza na familia nzima, watoto wakiwemo, kwamba mkono wa kushoto wa babu ndio mkono wake sasa. Nimesikia wagonjwa wakisema walikaa na njaa mbele za wageni hadi jambo hilo liliposemwa.

Kwa kuwa nimesisitiza nyumbani, mtu asiniambie basi mtaalamu wa nini. Swali hilo lilijaribiwa India, katika hospitali 14 na wagonjwa 1,250. Kundi moja lilipata huduma za kawaida; la pili liliongezewa mafunzo kwa ndugu, yakianzia hospitalini na kuendelea nyumbani, ili ndugu ndiye aongoze mazoezi. Matokeo ya 2017 yalikuwa baridi: baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Mimi ninavyoyasoma, kumfundisha ndugu mara chache na kumwachia mzigo hakutoshi. Anahitaji mtu wa kumrekebisha, kupandisha zoezi linapokuwa jepesi, na kugundua mapema kwamba goti linarudi nyuma. Ziara moja kwa wiki ndiyo ninayoipigania; ikishindikana, moja kila wiki mbili. Sifuri hapana.

Haraka nayo ina gharama. Jaribio la AVERT lililohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano lilionyesha 2015 kwamba kuanza kumtoa mgonjwa kitandani kwa nguvu na mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Siku hizo za mwanzo mwachieni daktari na wauguzi. Baada ya hapo, nafuu ya miezi ya kwanza ndiyo huenda kasi, lakini mlango haufungwi. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2006, watu 222 waliokuwa wamekaa na kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa walivishwa glovu nene kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, nao waliendelea kuliko wenzao. Tiba hiyo ni ya wale tu ambao mkono wao tayari una mwendo kidogo. Kwa mfuko wa familia somo lake ni hili: ukimaliza fedha yote mwezi wa kwanza, mwezi wa tano mgonjwa akiwa tayari kwa hatua nyingine hutakuwa na chochote.

Vifaa vinunuliwe baada ya kupimwa, si kabla. Kitimwendo cha msaada kilicho kipana kuliko nyonga za mgonjwa humlaza upande, na bila mto mzuri huleta kidonda ambacho matibabu yake yatazidi bei ya kiti. Miguu ikanyage vibao vyake bila kuning'inia. Kwenye mchanga na makorongo, magurudumu madogo ya mbele huzama, na kiti cha magurudumu matatu huenda vizuri zaidi. Kenya, shirika la APDK, lililoanza 1958, hutengeneza viti kwa mazingira ya huku. Fimbo ni rahisi zaidi: mgonjwa akisimama na mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, na ishikwe kwa mkono mzima, si upande uliopooza. Fundi seremala anaiweza. Kama unyayo unaburuta, usinunue kifaa cha kushikilia kifundo kwa kukisia saizi. Kinachochubua hutupwa uvunguni.

Mwenye kadi ya bima aulize kabla ya kipindi cha kwanza: vipindi vingapi vinalipwa, rufaa iandikwe na nani, tiba kazi imo au haimo, ziara za nyumbani je. Msomaji wa Kenya akumbuke kwamba bima ya umma ya kwao, NHIF, ilipisha SHA tarehe 1 Oktoba 2024, hivyo majibu ya jirani aliyeugua kabla ya hapo yamepitwa. Kenya pia kuna sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ya 2014 na ya wataalamu wa tiba kazi ya 2017. Ukiwa huko, kuomba kuona leseni ya anayekuja nyumbani kwako ni haki yako. Kwingine pia omba cheti. Mtaalamu wa kweli hakasiriki.

Ningekuwa na laki tano na mgonjwa nyumbani, ningeanza kwa kuweka pembeni fedha ya dawa za presha ya miezi sita, kwa sababu kiharusi cha pili kikija hesabu hii yote imekwisha. Kinachobaki ningelipia kipimo kamili cha fiziotherapia na ziara moja ya tiba kazi nyumbani, nikamweka fundi wa choo na kitanda wiki hiyohiyo. Kisha ziara za kila wiki kwa mwezi mmoja na nusu, halafu kila wiki mbili hadi fedha ikome, binti wa mgonjwa akishika daftari na siku yake ya genge ikifidiwa na ndugu walioko mbali. Nisingenunua mashine. Nisingelipa kifurushi cha vipindi 30 kwa mkupuo hata nikipewa punguzo. Na wewe unayekaribia kulipa kifurushi cha namna hiyo, uliza kwanza kama vipindi visivyotumika vinarudishiwa fedha, na jibu liandikwe kwenye risiti.